Sauti Iliyomlaza Babu Mtaroni

Propela ya ndege ya zamani huzungushwa kwa mkono kabla injini haijawashwa. Mtu akikuambia si lazima, huyo hajawahi kufungua injini ya aina hiyo, na ukimkuta karibu na ndege yako mfukuze. Silinda zimepangwa kwa duara, na zile za chini zinaelekea ardhini. Ndege ikisimama, oili hushuka polepole na kujaa huko chini. Ukibonyeza staata ya kuwashia injini bila kuitoa hiyo oili, pistoni inasukuma, oili haina pa kwenda, na chuma kinapinda. Kazi ya miaka sita inaisha hapo hapo. Naanza na jambo hili kwa sababu siku ile kule Gachoka nilikaribia kushikana mashati na mheshimiwa wa wadi juu yake, na hadi leo sijutii.

Mimi ni mtu wa Kianjokoma, kule juu ambako mashamba ya chai yanapakana na msitu wa mlima. Spana ya kwanza niliishika kwenye kiwanda cha kahawa, tukitengeneza mashine ya kumenya. Baadaye nilikwenda Nairobi, nikamaliza miaka ishirini nikihudumia ndege za kunyunyizia dawa mashambani, zile kuukuu zenye injini ya duara. Niliporudi nyumbani na mgongo mbovu, nikasikia kuna Mzungu huko Mbeere, kwenye nyika iliyo chini ya Gachoka, ameleta ndege ndani ya makontena mawili na anatafuta watu wanaojua vyuma vya zamani. Nilikwenda kutazama tu. Mke wangu bado ananicheka kwa hilo neno, kutazama tu.

Ilikuwa ndege ya kivita ya Wajapani, ya vita vile vikubwa. Ilikuwa imeanguka kwenye kisiwa fulani mbali huko, ikalala kwenye majani miaka yote hiyo. Tulipofungua kontena la kwanza niliona mabati yaliyokunjamana na mizizi mikavu bado imeshikilia. Kiota cha ndege wa kawaida kilikuwa ndani ya mkia. Yule Mzungu alikuwa amewahi kuwa rubani, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kusimamia vibarua. Akasema, "Hii tatengeneza yote. Tapaa." Nikamwona ni mwendawazimu. Lakini nilirudi kesho yake, na keshokutwa.

Acha niseme ukweli, niliipenda. Ndiyo maana nina hasira. Ungeona vile Wajapani walivyozigonga ribiti zile, pini za kushikilia bati, maelfu kwa maelfu, vichwa vyote vimezama sawasawa na bati, ukipitisha kiganja husikii hata moja. Bati lenyewe jembamba mno, walikuwa wanaondoa uzito popote walipoweza. Kwenye mbavu za bawa walitoboa matundu mviringo ili kupunguza gramu chache. Siku moja nilifungua kifuniko cha bawa la kushoto nikakuta maandishi ya penseli, mistari midogo ya herufi zao, fundi fulani alijiandikia vipimo akasahau kuvifuta. Nilikaa pale na tochi nikamheshimu mtu ambaye simjui. Alikuwa anajua kazi. Na kazi aliyokuwa anaijua ilikuwa kutengeneza kitu cha kumuua babu yangu.

Maana babu yangu alikuwa Burma. Alichukuliwa na jeshi la Mwingereza akiwa kijana, akapelekwa kupigana na Wajapani kwenye misitu ya huko, yeye ambaye hakuwa amefika hata Meru. Alirudi mzima, mikono miwili na miguu miwili. Mimi namkumbuka kidogo, alifariki nikiwa darasa la nne. Mimi ndiye mjukuu wa kwanza wa kiume, kwa hiyo jina langu ni lake. Kwetu jina likirudi, mtu amerudi. Tangu nizaliwe baba yangu hajawahi kuniita mwanangu wala kuniita kwa jina. Ananiita baba. "Baba, chota maji." "Baba, umekula?" Hakunichapa hata siku moja, angemchapaje baba yake? Kazi hiyo alimwachia mama, na mama aliifanya kwa bidii.

Kwa hiyo nilipopata kazi ile Gachoka nilipanda nyumbani kumweleza baba. Nilidhani atafurahi au atacheka. Baba anakaribia miaka themanini. Sikio la kulia limekufa, na la kushoto daktari wa Embu alisema linafuata mwenzake. Alikuwa anachambua majani ya ng'ombe. Nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba tunafufua ndege ya Wajapani, ile ile ya wakati wa babu. Akaacha majani. Akaniuliza, "Itanguruma?"

Nikasema itanguruma, Mungu akitusaidia.

Hapo ndipo aliponipa habari ya mtaro, na mimi nilikuwa nimeishi miaka arobaini na sita bila kuisikia.

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari, wapiganaji wa uhuru walipokuwa msituni, mkoloni alilazimisha watu wote wa upande wetu kuchimba mtaro mpana kwenye ukingo wa msitu ili chakula kisipande. Wanaume, wanawake, wazee, wote walichimba huku walinzi wamesimama juu na bunduki. Baba alikuwa mtoto wa miaka saba hivi, anawabebea wachimbaji maji. Siku moja ndege ilipita juu ikielekea mlimani kumwaga mabomu. Zilikuwa zinapita mara kwa mara, watu walishazizoea. Siku hiyo ilipita chini sana. Babu akatupa jembe, akajilaza kifudifudi ndani ya mtaro, mikono kichwani. Alikuwa bado Burma. Akamshika mtoto wake mkono akamwambia, "Lala."

"Nilijinasua," baba akasema. "Walinzi walikuwa wanacheka. Majirani wakacheka. Niliona aibu baba yangu kulala kwenye matope kama mdudu, na hakuna bomu. Basi nikacheka nao. Nilicheka kuliko wote. Yeye aliinua uso akaniona."

Baada ya hapo wakampa jina la utani ambalo sitaliandika hapa. Lilimfuata sokoni, kanisani, hata kwenye mazishi yake kuna mtu alilitamka. Babu hakuwahi kuzungumza na baba kuhusu siku ile. Baba naye hakuwahi kuomba radhi. Alisubiri akue, akakua. Alisubiri apate nafasi, babu akafa.

"Siku mtakapoiwasha nataka niwe hapo," akaniambia. "Nataka nisikie alichosikia Burma. Nikikisikia nitajua ni kwa nini alilala. Mtu hawezi kuomba radhi kwa jambo ambalo halijui. Na hili sikio halitangoja."

Nikamwahidi. Niliahidi haraka, kama mtu anayeahidi kuleta mkate kutoka dukani.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Mwaka wa pili lilikuja sanduku la injini. Tulilifungua na yule Mzungu, tukatazamana. Injini ile ya Kijapani ilikuwa imekuwa kitu kimoja. Pistoni, silinda, vyote vimeshikana kwa kutu kama ugali ulioungua kwenye sufuria. Tuliiloweka miezi mitatu kwa mafuta. Haikusonga hata upana wa ukucha. Mzungu akaagiza injini nyingine, ya Kimarekani, ya miaka ile ile ya vita, inayolingana kwa ukubwa. Ikaja, ikaingia, tukairekebishia vishikio. Ukifunga kifuniko cha mbele huwezi kujua. Ile ya kutu ikasukumwa nyuma ya hanga, lile banda la ndege, chini ya turubai, kuku wakaanza kutaga hapo.

Akatuita sisi mafundi watatu akasema hilo jambo libaki hangani. Alikuwa ameshaanza kuandikia watu kwamba ndege yake ni ya asili kila kipande. Wenzangu wakaitikia kwa vichwa. Mimi pia nikaitikia.

Na baba kila nikipanda nyumbani ananiuliza, "Injini ya Wajapani inaendeleaje?" Nami namjibu, "Inaendelea vizuri." Ningemwambia nini? Kwamba sauti anayoingoja ni kinyesi cha kuku chini ya turubai? Nilijiambia chuma ni chuma, mzee hatajua, atasikia ngurumo aridhike. Nimesema uongo mwingi maishani lakini ule niliusema nikimtazama machoni, miaka minne, na alikuwa ananiita baba.

Siku ikafika. Kama ingekuwa juu yangu tungeiwasha Jumatatu asubuhi, watu sita, baba akiwa kwenye kiti karibu na bawa. Lakini Mzungu alitaka wageni, na wageni walitaka hema, na ukishaweka hema katika nchi hii lazima mwanasiasa atokee chini yake. Wakaja chifu, mchungaji, kwaya, shule mbili za msingi, na wapiga picha kutoka Embu mjini. Wakaleta spika kubwa kuliko injini yenyewe. Mheshimiwa wa wadi alikuwa anangojwa saa tatu.

Saa mbili na nusu sisi tulishazungusha propela. Inazungushwa na watu wawili wawili, bega kwa bega, unashusha panga moja la propela unampisha mwenzako, mpaka yapite kumi na mawili. Ilizunguka laini. Nikasema moyoni, leo mzee anasikia.

Baba nilikuwa nimemleta na pikapu ya jirani tangu alfajiri. Alivaa koti lake la kanisani na kofia ya sufu, na alikuwa amesafisha sikio la kushoto kwa mafuta ya nazi kama alivyoambiwa. Nikampa kiti mstari wa mbele. Saa tatu mheshimiwa hakuja. Saa nne hakuja. Saa tano walikuja vijana wake wenye fulana za rangi moja, wakakusanya viti vya mbele, na mmoja akamwambia baba, kwa jina tunalowaitia mababu, "Guka, hii ni ya wageni." Mimi nilikuwa juu ya bawa, sikuona. Nilipoteremka nikamkuta baba nyuma ya kwaya, amesimama juani, amejishikilia kwenye kamba ya hema. Niliuliza ni nani amemwondoa. Akasema hajui, hakusikia vizuri. Nikamtafutia debe la rangi nikaligeuza akalikalia.

Mheshimiwa alifika saa sita unusu akinuka marashi. Ndipo mambo yakaanza. Mchungaji akaombea ndege, akaombea barabara, akaombea mvua. Kwaya ikaimba mara tatu. Chifu akasimama akasema itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia tena, mmoja mmoja, hadi mwalimu mkuu msaidizi. Mheshimiwa akashika kipaza sauti. Alisema ndege hii ni maendeleo. Alisema watoto wa Mbeere sasa watakuwa marubani. Alisema yeye binafsi aliufuatilia huu mradi kutoka mwanzo, na mimi hapo sijawahi kumwona hata akipita kwa gari. Alimsifu Mzungu kwa kuileta historia nyumbani. Historia ya nani? Hakuna hata mmoja kati yao, kuanzia mchungaji mpaka kipaza sauti, aliyesema kwamba kuna watu kutoka milima hii waliokuwa chini ya ndege kama ile. Nyuma ya kwaya mtoto wa mmoja wao alikuwa amekaa kwenye debe.

Ilipofika saa tisa, mheshimiwa akasema, "Haya, washa tuone. Mimi nina mazishi Karurumo."

Mzungu akapanda kwenye kiti cha rubani. Nikamwendea nikamwambia tuzungushe propela tena, imekaa zaidi ya masaa sita.

"Hapana haja," akasema. "Watu nachoka."

"Oili imeshuka."

"Nasema hapana haja."

Mheshimiwa akasogea. "Fundi, wacha mambo mingi. Mwenye ndege amesema washa."

Sikuwa nafikiria ndege. Nilikuwa nafikiria sikio moja. Kama ile injini ingevunjika pale, ingengoja vipuri mwaka, labda miwili, na sikio lile halikuwa na miaka miwili. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wa moto siku hiyo, anayesimama na mtungi wa kuzimia moto kando ya bawa, na bila mlinzi wa moto hakuna rubani mwenye akili anayebonyeza staata. Nikauweka mtungi chini.

"Basi wewe shika," nikamwambia mheshimiwa. "Simama hapa. Ikishika moto unavuta hii pini unaingia."

Akatazama mtungi akatazama viatu vyake. Watu wakaanza kunong'ona. Mzungu akapiga ngumi ukingo wa kioo, akasema haya, upesi.

Tukashusha panga la kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano likagoma. Likasimama imara kama mlango uliofungwa kwa ndani. Ukiona hivyo usilazimishe. Nikaingia chini na spana, nikafungua plagi ya silinda ya chini kabisa, na oili ikatoka, nyeusi, ya moto wa jua, kama kikombe kizima cha chai, ikamwagika kwenye nyasi. Nyuma yangu nilisikia sauti ya mheshimiwa ikisema kwenye kipaza sauti, "Kumbe bado ni mbovu," na hema zima likacheka.

Nilipangusa plagi, nikairudisha, tukazungusha kumi na mawili mengine kwa ukamilifu, polepole, kwa makusudi. Wangoje. Kisha nikauchukua mtungi wangu nikasimama mahali pangu nikainua kidole gumba.

Staata ikalia kwa sauti nyembamba. Propela ikaanza kwenda, panga moja, mawili, inasitasita. Moshi mweupe ukatoka mabomba ya upande wa kushoto. Ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Halafu silinda moja ikashika, ikaita ya pili, na zote zikaingia kwa pamoja, na mapanga yakapotea machoni yakawa duara la mwanga.

Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri. Nimeishi na injini maisha yangu yote na nywele zilinisimama. Nyasi zikalala nyuma ya mkia. Ndege nzima ikawa inatetemeka kwa hamu ya kuondoka, rangi yake ya kijani ikimeta, na lile bati jembamba likaimba wimbo wake mwenyewe chini ya ngurumo. Nilisahau hema. Nilisahau hata uongo wangu. Nilitazama mabomba ya chini kama yanatoa moshi wa bluu, hayakutoa, na nikatabasamu peke yangu kama mjinga.

Ndipo nikamwona baba. Alikuwa amepita chini ya kamba, anakuja, kofia mkononi. Kijana mmoja wa mheshimiwa alijaribu kumzuia, akampita. Alikuja kwa upande wa mkia, mbali na propela, kama nilivyomwelekeza asubuhi. Alinifikia akaniinamisha kichwa, akaweka mdomo sikioni mwangu.

"Hii si ya Burma," akapaza sauti. "Hii ni ile ya mtaroni."

Zile ndege zilizokuwa zikipita juu ya Kianjokoma kwenda kupiga mlima zilikuwa za Waingereza, lakini nyingi zilikuwa na injini za Kimarekani, za ukoo mmoja na hii. Nilikuwa najua hilo. Fundi yeyote wa rika langu analijua. Sijui sikio moja linaloondoka linawezaje kukumbuka sauti kwa miaka sabini. Hakunilaumu. Macho yake hayakuwa kwangu kabisa. Alikuwa anaitazama ile ndege kama mtu aliyekuta njiani mtu anayemdai maisha yake yote.

Kisha akanishika mkono. Akapiga goti moja, la pili, akajilaza kifudifudi kwenye vumbi na koti lake la kanisani, mkono mmoja juu ya kichwa. Ule mwingine ulikuwa umenishika, unanivuta.

Watu wakacheka. Wacha niandike vizuri, nisije nikaonekana nimewasingizia. Mheshimiwa alicheka, chupa ya maji mkononi, bega likitikisika. Vijana wa fulana walitoa simu wakaanza kupiga video. Watoto wa shule wakacheka kwa sababu wakubwa wanacheka, hao siwalaumu. Chifu alijizuia kidogo kisha naye akashindwa. Hata mchungaji. Nilitaka kwenda pale na ule mtungi niwafunge midomo mmoja mmoja kwa ile dawa nyeupe.

Baba akanivuta tena. Sikumsikia, lakini niliona midomo yake. Alisema, "Lala, baba."

Mlinzi wa moto haachi mtungi injini ikiwaka. Hiyo nimewafundisha vijana wengi, na nimewahi kumfukuza mmoja kwa kuuacha akajibu simu. Nikauacha. Nikalala kando ya baba, kifudifudi, tumbo kwenye nyasi zilizochomwa na jua. Na niwaambie, sauti ile ukiisikia umesimama ni kitu kimoja. Ukiwa umelala inakuingia kwa tumbo. Ardhi yote inaisema. Niligeuza uso nikaona tumbo la ndege kwa chini, jeusi dhidi ya mbingu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita sikuona ribiti.

Mzungu aliona hakuna mtu penye mtungi akazima. Propela ikazunguka zunguka ikasimama. Kimya kikaja, halafu kicheko kikasikika vizuri zaidi, maana hakikuwa na cha kukifunika.

Hatukuinuka. Baba alikuwa na vumbi mdomoni.

"Baba," akasema. "Siku ile uliniambia nilale nikakataa. Nilikucheka mbele ya watu. Nisamehe."

"Ulikuwa mtoto," nikasema. "Inuka, wanatupiga picha."

Hakuinuka. Alinikaza mkono. "Sikusema na wewe," akasema. "Nasema na yeye. Mwache anijibu."

Nimeitwa baba maisha yangu yote na sijawahi kudaiwa jibu. Nilimtafuta yule mzee kichwani. Nilikumbuka tu miguu yake mikubwa na harufu ya tumbaku. Mzungu alikuwa ameshateremka anakuja kwa hasira, na najua alikuwa anakuja kunifukuza, na alinifukuza. Nilikuwa na muda wa neno moja.

"Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.

Baba akafumba macho. Akakaa hivyo kidogo, shavu kwenye vumbi. Kisha akaniachia mkono, akajiinua kwa magoti, akavaa kofia, akapangusa koti lake upande mmoja akasahau ule mwingine. Nikasimama nikamshika kiwiko. Alinitazama, na sasa alikuwa ananitazama mimi.

"Ulijua injini si ya Wajapani?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili."

Akatazama hema, zile simu zote zilizoinuliwa.

"Utaniomba radhi tukifika nyumbani," akasema. "Hapa watu wanacheka."